Kabla hujalipa kiingilio cha ngome Japani, uliza: mbao au zege?

Watu wengi wanaokwenda Japani kwa ajili ya historia hupanga safari kwa kufuata picha, na picha haisemi jengo lina umri gani. Ngome ya Osaka, kwa mfano, inapendeza sana kwa nje. Ingia ndani sasa: unapokelewa na lifti, maana mnara ule ulijengwa upya kwa zege mwaka 1931. Mnara wa Nagoya uliteketea kwa mabomu mwaka 1945, na unaouona leo ni wa 1959. Sisemi usiende, makumbusho ya Osaka yana mengi ya kujifunza. Ila kama umetoka Dar au Mombasa kutafuta ukale wenyewe, jua kwamba minara ya zamani iliyobaki nchi nzima ni 12 tu.

Kwangu mimi, ngome ya Himeji haina mpinzani. Kutoka Osaka ni kama saa moja kwa treni ya kawaida, wala huhitaji ile ya mwendo kasi yenye nauli kubwa. Mnara wake ulikamilika mwaka 1609. Mlangoni unavua viatu, unavitia kwenye mfuko wa kubebea na kuvibeba mwenyewe, kisha unapanda kwa soksi juu ya mbao zilizolainika kwa nyayo. Ngazi zimesimama wima kiasi kwamba wazee hupanda kwa mikono miwili. Kutani bado kuna vishikio vya bunduki na mikuki, na kuta za nje zina matundu ya duara, pembetatu na mstatili ya kupigia mishale na risasi. Vaa soksi nzima, tena nzito kama ni majira ya baridi, kwani sakafu ile ni barafu.

Njiani shuka Kobe. Msikiti wake ulifunguliwa mwaka 1935, ukanusurika mabomu ya vita na tetemeko la mwaka 1995. Jirani hapo utapata chakula cha halali, jambo ambalo si dogo: supu ya rameni, yaani tambi za Kijapani, mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hata kama bakulini huoni nyama yake.

Kyoto, mji mkuu tangu 794 hadi karne ya 19, kila mtu hukimbilia Kinkakuji, lile banda la dhahabu. Lile la kale lilichomwa moto na mtawa mwaka 1950. Hili ni la 1955, na foleni yake haina huruma. Nenda Sanjusangendo. Ukumbi huo wa mbao wa mwaka 1266 una urefu wa mita 120 hivi, na ndani zimepangwa sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, safu nyuma ya safu. Kupiga picha ni marufuku, kwa hiyo watu wanatazama kweli.

Msomaji wa Afrika Mashariki asikose pia habari za Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na wamisionari Wajesuiti, na ambaye wengi wanaamini alitokea Msumbiji. Alimtumikia mtawala Oda Nobunaga hadi Nobunaga alipovamiwa na kufa katika hekalu la Honnoji mwaka 1582. Lakini angalia ramani vizuri: Honnoji ya leo ilihamishwa. Mahali penyewe pana jiwe la kumbukumbu tu, kusini mashariki mwa ngome ya Nijo, katikati ya mitaa ya kawaida.

Nara ni chini ya saa moja kutoka Kyoto, ukienda asubuhi jioni umerudi. Sanamu ya Buddha ya hekalu la Todaiji, ya shaba nyeusi, ina urefu wa mita 15 hivi, ndani ya ukumbi wa mbao wa mwaka 1709. Paa wanaozurura nje huinamisha vichwa kuomba biskuti zao. Ficha ramani na tiketi, hao hula hata karatasi.