Mkono wa baba yake Gavino

Mwanangu mpenzi,

Ile filamu ya Kiitaliano uliyonitumia, Padre padrone, yaani "Baba bwana", nimeitazama mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako. Umeniuliza kama yule baba wa Sardinia, kisiwa cha Italia, alimpenda mwanawe Gavino, au alitaka mchungaji tu.

Alimpenda, mwanangu. Ila mapenzi na utumwa vilikaa moyoni mwake chumba kimoja, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kuvitenganisha.

Tazama tena anapoingia darasani kule Siligo, kijijini kwao, kumtoa Gavino, mtoto wa miaka sita, akachunge kondoo. Wenzake Gavino wanapocheka, baba anarudi mlangoni na kuwaambia: leo zamu ya Gavino, kesho yenu. Darasa zima kimya. Hapo hakusema uongo. Ufukara ulikuwa ukiwaita watoto wale mmoja mmoja, na baba ndiye aliyetumwa kuwachukua. Fimbo, lakini, simtetei.

Na fimbo ndiyo iliyonikaa. Filamu inapoanza, Gavino Ledda wa kweli, mwenye kisa, anachonga kijiti na kumpa mwigizaji wa baba yake, akimwambia: baba yangu hata hiki alikuwa nacho. Mtu aliyekua bila kusoma, akajifunzia Kiitaliano jeshini kwa kuwa kwao walisema Kisardinia, hatimaye akawa mwanaisimu, bado fimbo hajaisahau! Ndugu wawili Taviani, waongozaji wa filamu, walipewa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1977 kwa kazi hiyo. Walistahili.

Mama yako alilia pale baba anapozima redio na kijana akaendelea kupiga mluzi muziki uleule. Mimi nililia baadaye, Gavino anapoinamisha kichwa kwenye mapaja ya baba yake. Mkono unainuka kumpapasa, kisha unakuwa mkono wa kupiga.

Naujua mkono huo. Ulipokataa kubaki dukani ukaenda zako kusoma, miezi minne sikukupigia simu. Kila jioni nilishika simu, nikaiweka. Nilikuwa na hamu ya sauti yako, na nilitaka uumie. Vyote viwili, usiku mmoja. Nilikukosea, nisamehe.

Daftari la duka siku hizi analiandika mdogo wako. Safari hii nilimwuliza kwanza.

Baba yako