Muulize Bibi wa Kambi: Tulale Mbele au Nyuma?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaojiandaa kulala ufukweni, katika hifadhi za visiwa vya joto, wengine kwa hema na wengine kwa magari ya kulala. Nilitunza kambi ya aina hiyo kwa miaka 11, chumba changu kikiwa hatua mia moja tu kutoka majini. Kwa hiyo leo mnivumilie, kuna barua ambazo siwezi kuzijibu kwa ufupi.

*Shikamoo Bibi. Tumepata kibali cha kulala siku tatu, mimi, mume wangu na watoto watatu. Tutakuwa na hema. Ramani ya kambi inaonyesha nafasi za mbele, mita chache kutoka baharini, na nafasi za nyuma kwenye minazi. Mume wangu anataka mbele, mimi naogopa maji. Tuchukue ipi? Mama wa Watatu*

Marahaba mwanangu. Kabla ya mbele au nyuma, angalia kalenda: siku hizo mwezi utakuwa wa ngapi?

Sehemu nyingi za dunia bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huvuta maji ukishirikiana na jua, na hapo ndipo tunapata bamvua. Maji hupanda kuliko kawaida na hukauka kuliko kawaida, na mara nyingi kilele chake huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi mbali. Ukiweza kuchagua tarehe, chagua maji mafu.

Nakwambia hivi kwa sababu ya familia moja iliyofika kwangu mwaka wangu wa pili kazini. Walifika saa kumi na moja jioni, maji yamekupwa, mwezi mpevu ulikuwa juzi yake. Waliona uwanja mpana wa mchanga mweupe, umekauka juu, wakapiga hema pale pale. Mimi nilikuwa upande wa pili nikitengeneza bomba na sikuwaona. Saa tano na nusu usiku nikasikia mwanamke anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo mpaka leo ninayo masikioni. Nilipofika na tochi maji yalikuwa magotini mwangu na hema limelala ubavu. Mtoto alikuwa mzima, yuko juu ya godoro la upepo, na godoro lilikwisha anza kuelea. Tangu usiku ule sikuwahi tena kumwacha mgeni achague nafasi peke yake.

Basi fanyeni hivi. Fikeni mchana. Mizigo ibaki garini, mtembee kwanza. Juu ya mchanga mtaona mistari ya mwani na takataka za bahari. Wa chini, wenye unyevu, ni wa maji ya jana usiku. Wa juu, mkavu, wenye vijiti na vifuu vya nazi, ni wa bamvua au wa dhoruba. Hema likae juu ya huo wa juu, si baina ya miwili. Alama nzuri zaidi ni mimea: pale majani yatambaayo ya pwani, yale yenye maua ya zambarau, yameshika mizizi na kukomaa, ujue bahari haifiki mara kwa mara.

Lakini usifikiri minazini ni salama kwa sababu ni mbali na maji. Nazi na kumbi lake huweza kuzidi kilo moja na nusu, na mnazi mrefu hupita mita 20. Inua kichwa. Ukiona nazi zinaning'inia, au makuti makavu ya rangi ya kahawia, hama, hata kama kivuli ni kizuri na watoto wamekwisha kaa. Mti mwingine wa kuuogopa uko visiwa vya Karibi na pwani za jirani zake, unaitwa manchineel. Matunda yake yanafanana na tufaha dogo la kijani, na utomvu wake unaunguza ngozi kiasi kwamba mtu akijikinga mvua chini yake, matone yanayochuruzika kutoka kwenye majani humtoa malengelenge. Mahali pengine miti hiyo huchorwa mkanda mwekundu. Ukiona mkanda huo usiuegemee wala usichome kuni zake, maana hata moshi wake unaumiza macho.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni katikati: nyuma ya mimea inayotambaa, mbele ya minazi, na kama kuna kichaka cha mkadi, kiwe upande unakotoka upepo. Mgongo wa hema uelekee upepo, mlango upande wa pili. Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema havishiki mchangani. Chukua mfuko mdogo wa nguo, ujaze mchanga, ufunge kamba katikati, uufukie kina cha kama nusu mita, kisha ushindilie kwa mguu. Kwa hema la watu watano tengeneza mifuko sita. Nimeona upepo wa usiku unachana turubai na mifuko hiyo haijasogea.

Jambo la mwisho, na hili mwambie mumeo pia. Kabla jua halijazama, wapitisheni watoto kwenye njia ya kupanda mlimani, waijue kwa miguu yao. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, au bahari ikirudi nyuma ghafla na kuacha samaki wanarukaruka mchangani, hakuna kukusanya vitu. Mnapanda na mnabaki juu mpaka wenye mamlaka waseme. Hilo la kubaki juu lina sababu. Mwezi Mei 1960 tetemeko la Chile lilituma tsunami hadi mji wa Hilo, Hawaii, mwendo wa kama saa 15. Ving'ora vililia mapema, lakini wapo waliobaki majumbani, na wapo walioona mawimbi ya kwanza ni madogo wakateremka. Wimbi kubwa likaja baadaye, na watu 61 walikufa. Tsunami si wimbi moja.

*Bibi, usiku wa kwanza tulishambuliwa na wadudu wadogo sana waliopita hata kwenye neti ya hema. Mbu hawakuwepo. Ni nini, na dawa ni ipi? Mwenye Kujikuna*

Ni usubi. Neti ya mbu ina matundu makubwa kwake, nunua neti ya matundu madogo kabisa. Huzaliana kwenye matope yenye unyevu, kwenye mikoko na kandokando ya vijito, na hutoka zaidi alfajiri na magharibi, upepo unapotulia. Upepo ndio adui yake mkubwa maana hana nguvu ya kuruka nao. Sogeza hema mahali penye upepo, mbali na mikoko, na jioni vaeni mikono mirefu na soksi. Feni ndogo ya betri mlangoni inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

*Shikamoo Bibi. Mimi na mchumba wangu tumekodi gari la kulala, lina jiko, friji na kitanda. Tunataka kuliegesha mchangani kabisa ili tukiamka tuione bahari. Na mvua ikinyesha, tunaweza kufunga vioo tupike ndani? Wachumba*

Marahaba wanangu, na hongereni. Mchangani hapana. Gari lile likijazwa maji, gesi na vyakula vyenu ni zito sana. Matairi yatazama, mtakanyaga mafuta, yatazama zaidi, na maji yatakuwa yanajaa. Nimevuta magari mengi kwa trekta la kambi nikitazama saa. Mkikwama hata hivyo, acheni kukanyaga, chimbeni mbele ya matairi, punguzeni upepo wake, kisha mtoke polepole kwa gia ndogo. Mkifika kwenye lami jazeni tena kabla ya kukimbia.

Egesheni penye changarawe au udongo mgumu, tena pawe tambarare. Tambarare si kwa ajili ya usingizi tu. Friji nyingi za magari haya zinazotumia gesi hupoza kwa amonia inayozunguka ndani ya mabomba kwa mteremko wake yenyewe, hazina mashine ya kuisukuma. Gari likiinama sana mzunguko unakwama, chakula kinaharibika, na baada ya muda friji yenyewe inaharibika. Wekeni vipande vya mbao chini ya tairi la upande ulioinama. Glasi ya maji juu ya meza itawaonyesha.

Kuhusu kupika vioo vikiwa vimefungwa, nawaomba msifanye. Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasinzia, anadhani ni uchovu wa safari, na haamki. Jiko la gesi liwake dirisha na tundu la paa vikiwa wazi hata mvua ikiingia kidogo. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, wala ya gari wala ya hema, hata makaa yakionekana yamekufa, hata kwa ajili ya joto. Jenereta likae mbali, moshi wake uelekee upepo unakokwenda, tena siyo kwenye dirisha la jirani. Na kabla hamjatia saini mkataba, mwulizeni mwenye gari kama king'ora cha kaboni monoksaidi kipo na kinafanya kazi. Kibonyezeni mkisikie.

Betri za gari hizo zikiwa za risasi na asidi, msizimalize zaidi ya nusu, zinakufa mapema. Maji ya kuoshea vyombo na ya chooni yakamwagwe kwenye kituo chake, kamwe si mchangani wala kijitoni, maana yatafika kwenye matumbawe. Mkirudi, liosheni gari kwa maji yasiyo ya chumvi chini ya bodi, si ubavuni tu. Chumvi inakula chuma kuanzia huko kusikoonekana.

Halafu someni kibali chenu. Kibali cha hema mara nyingi si kibali cha kulala garini. Hawaii, kwa mfano, sheria ya jimbo inakataza kulifanya gari makazi barabarani na kwenye maeneo ya umma kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa mahali paliporuhusiwa. Watu wanakodi gari wakidhani wamekodi na mahali pa kulala, kisha usiku wanagongewa kioo.

*Bibi, nina malalamiko. Tuliota moto ufukweni, tukamaliza, nikauzima vizuri kwa kuufukia mchanga. Asubuhi mlinzi wa kambi akanifokea mbele ya watoto wangu. Nilikosa nini? Baba Aliyeudhika*

Kukufokea mbele ya watoto hakukuwa sawa, ndugu yangu. Lakini ulikosa, na nitakwambia kwa nini huenda alifoka.

Mchanga hauzimi makaa. Unayafunika, unayahifadhi joto, na unaficha mahali yalipo. Asubuhi pale juu panaonekana kama mchanga mwingine wowote, ilhali chini yake bado kuna joto la kuunguza, saa nyingi baada ya moto kufa. Mwenye kupita hapo ni mtoto, anakimbilia maji, peku. Nilimbeba mtoto wa namna hiyo, msichana wa miaka minne. Nilikaa naye kwenye bomba tukimwagia miguu maji baridi dakika 20, mama yake akilia na yeye akilia, tukisubiri gari la hospitali. Waliowasha moto walikwisha ondoka alfajiri. Walikuwa watu wema, walikuwa wameokota hata vifuniko vya chupa zao. Waliamini kabisa wameuzima.

Moto huzimwa kwa maji. Ndoo nzima, koroga kwa kijiti, ndoo nyingine, mpaka uweze kushika jivu kwa kiganja. Na uwashwe kwenye meko ya kambi tu. Kama hifadhi haina meko, basi hakuna moto, mtapikia jiko la gesi. Yule mlinzi ukimwona tena, mwambie umenisikia.

*Mpendwa Bibi, mimi nina miaka tisa. Tulipokuwa kambini tuliona kasa wadogo wametoka mchangani usiku, wakawa wanakuja kwenye taa yetu badala ya kwenda baharini. Nilitaka kuwabeba. Baba alikataa. Nani yuko sahihi? Mpenda Kasa*

Mjukuu wangu, baba yuko sahihi, na wewe uliona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni.

Mayai ya kasa hukaa mchangani kama miezi miwili. Vitoto vikitoka usiku hutafuta upande wenye mwanga zaidi, kwa sababu usiku wa asili bahari ndiyo inayong'aa, nchi kavu ni giza. Taa yenu ilikuwa inang'aa kuliko bahari, ndiyo maana vikaja kwenu. Huhitaji kuvibeba, vinahitaji kutambaa kwa miguu vyenyewe. Zima taa. Waambie na majirani wazime. Kaeni kimya, msisimame kati ya vitoto na maji, na msipige picha za mmweko. Vikishindwa kugeuka, baba aende akamwite mlinzi.

Safari ijayo una kazi ya kila jioni. Kabla jua halijazama pita mbele ya hema lenu, ufukie mashimo yote mliyochimba mchana na ubomoe nyumba za mchanga. Kitoto cha kasa kikitumbukia kwenye shimo la ndoo hakiwezi kupanda, na asubuhi kaa na ndege watakikuta humo.