Ukibishana nani kamfundisha nani, uliza kachukua nini

Kijiweni kwetu ubishi wa "huyu kocha ni mwanafunzi wa yule" hauishi, na mimi ni mmoja wa wanaouchochea, kwa hiyo chukua haya kutoka kwa mtu aliyebishana sana. Mtu akikuambia fulani kamtoa fulani, muulize kachukua nini. Habari za kwamba walikaa timu moja au walikumbatiana baada ya mechi hazitoshi, akutajie kitu ambacho ukiwasha tivii unakiona uwanjani. Akikosa hapo, anakupigia stori tu.

Arteta, kocha wa Arsenal, ndo mfano unaonisaidia kila siku. Wengi wanasema "Pep mdogo yule", wakimaanisha Pep Guardiola, halafu ushahidi wao wote ni kwamba alikaa benchi la Manchester City kama msaidizi wake kuanzia 2016 mpaka Disemba 2019, basi. Ukitaka kumaliza ubishi mtaje Zinchenko. Arsenal walimtoa hukohuko City 2022, karatasi ilisema namba tatu, yaani beki wa kushoto, ila timu ikishika mpira ulikuwa unamuona anaacha pembeni anaingia katikati anasimama jirani na kiungo Partey kama namba sita (kiungo mkabaji) wa pili, huku winga Martinelli kaachiwa upande wa kushoto wote peke yake. Hicho kimetoka kwa Pep na hata mbishi wa kuzaliwa atakubali. Ila usishangilie mapema, maana zile kona za Arsenal zinazoua watu ni kazi ya Nicolas Jover, kocha wa mipira iliyokufa, kweli alipita City lakini kabla ya hapo alikuwa Brentford, kwa hiyo ukimwangalia kocha mkuu peke yake bila benchi lake la ufundi utakosea hesabu. Halafu mbona hakuna anayemtaja Moyes? Arteta kamchezea kocha huyo Everton miaka kibao, kisha akaenda kwa Wenger kule Arsenal. Moyes anarukwa kwa sababu hana jina la kutambia kijiweni, sababu nyingine sijaiona.

Kitu cha pili ni kwamba mwanafunzi anaweza kumwacha mwalimu wake, na hapo ndo ubishi unanoga. Kocha Carlo Ancelotti alicheza Milan ya kocha Arrigo Sacchi, halafu akawa msaidizi wake Kombe la Dunia 1994, ile Italia iliyofungwa na Brazil kwa penalti. Akaichukua Parma 1996 na 4-4-2 ya mwalimu kichwani (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), haiguswi. Zola akasogezwa pembeni, hakuvumilia, msimu haujafika mbali akaondoka zake Chelsea. Mwaka uliofuata Baggio yuko mlangoni, anataka acheze nyuma ya mshambuliaji, Ancelotti akagoma maana kwenye 4-4-2 ile hiyo nafasi haipo, Baggio akaenda Bologna akatupia magoli 22 kwenye ligi. Ishirini na mbili! Baadaye jamaa anafika Juventus anamkuta Zidane, sasa Zidane utamweka pembeni umwambie akabe? Akaanza kuupinda mfumo umfuate mtu, na kule Milan akamshusha kiungo Pirlo chini kabisa acheze mbele ya mabeki, akabeba Ligi ya Mabingwa 2003 na 2007. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni mwanafunzi wa Sacchi nakujibu ndio, lakini huyu Ancelotti tunayemsifia alianza siku alipoiweka chini ile 4-4-2.

Ya Johan Cruyff, kocha aliyemfundisha Pep kule Barcelona, siyagusi sana, yameshasemwa mpaka basi. Mimi huwa nawarudisha watu kwa Van Gaal. Barcelona ya 1997 mpaka 2000 kocha ni Van Gaal, nahodha ni Guardiola, na kwenye benchi yupo Mourinho aliyeingia hapo kama mtu wa kocha Bobby Robson, alianza kwa kumtafsiria kule Ureno. Nyumba moja, mwalimu mmoja. Sasa tazama 2010, Inter ya Mourinho inaitoa Barcelona ya Pep nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ya marudiano Camp Nou wako pungufu baada ya Motta kupewa nyekundu na wamejaa wote golini kwao, halafu fainali kule Madrid wanaipiga Bayern 2-0, magoli yote Milito, na kocha wa Bayern ni nani? Van Gaal huyohuyo. Ndo maana mtu akiniambia "wamefundishwa na mtu mmoja lazima wafanane" namtumia mechi hizo mbili aende akaangalie.

Na sio lazima tubishanie Ulaya tu. Fadlu Davids alipotua Simba 2024 watu waliishia kusema katokea Raja ya Morocco, wakati kule Orlando Pirates ya Afrika Kusini alikuwa msaidizi wa kocha Micho, ndio, Micho yule aliyepita Yanga na Uganda, na mwenzake kwenye benchi lile alikuwa Rhulani Mokwena. Kisha akawa msaidizi wa kocha Josef Zinnbauer hapohapo Pirates, wakaenda wote Lokomotiv Moscow, wakaenda wote Raja wakachukua ligi ya Morocco 2024 bila kupoteza mechi. Kwa hiyo ile Simba yake ilikuwa ya Micho au ya Zinnbauer? Mimi nasema Zinnbauer, hasa kwenye kukabia juu, na anayesema Micho aje na dakika za mechi, asije na picha.