Maktaba Yetu Inatimiza Miaka 25: Tuchangishe Vipi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa kamati za maktaba na vikundi vya usomaji vya Dar es Salaam. Tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, maktaba ya jamii katika kata yetu itatimiza miaka 25 mwakani. Kamati inapendekeza chakula cha jioni hotelini: tuuze meza, na mgeni rasmi aendeshe harambee. Tunataka vitabu vipya na ukarabati wa chumba cha watoto. Je, fedha itapatikana kweli?
*Katibu wa kamati, Temeke*

Ndugu Katibu, pigeni hesabu kwa meza mnazojua mtaziuza, si kwa meza zinazoenea ukumbini. Tuseme ni meza 15 za watu kumi kumi, kila meza shilingi 1,000,000. Chakula cha shilingi 45,000 kwa watu 150 ni shilingi 6,750,000, na hoteli hudai malipo ya idadi mliyothibitisha hata wageni wasipofika. Muziki, mapambo, mshereheshaji, mpiga picha na kadi vikila 2,500,000, matumizi yamefika 9,250,000. Mkiuza meza tisa, mna hasara ya 250,000 na hamjanunua hata kitabu kimoja. Nafuu inaanzia meza ya kumi, na meza tano za mwisho ndizo ngumu kuliko zote kuuzika.

Sisi tungefanyia sherehe maktabani kwenyewe, Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kodini turubai na viti, andaeni chai na vitafunwa, watoto wasome kwa sauti mbele ya wageni. Mchangiaji anayeiona dari inayovuja haelezwi mara mbili. Kabla ya siku hiyo chukueni bei kwa mafundi watatu, wa Keko au wa jirani, kisha kwenye kila kinachohitajika bandikeni karatasi yenye jina la kitu na bei yake: rafu moja, feni moja, seti ya vitabu vya darasa la tatu, galoni ya rangi. Anayeulizwa "utachangia ngapi?" husita, anayeonyeshwa rafu yenye bei huichukua yote, au humtafuta mwenzake wagawane.

Tatizo kubwa la harambee ni ahadi. Zinatajwa kwenye maiki, watu wanapiga makofi, na baada ya mwezi hakuna anayejua nani aliahidi nini. Mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyeandika namba ya simu, au mtu ametajiwa ahadi na rafiki yake wakati mwenyewe hayupo. Wekeni vijana wawili wenye fomu: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi. Jioni ile ile kila aliyeahidi apate ujumbe wa shukrani wenye namba ya kulipia. Siku ya saba apigiwe simu. Siku ya 60 fungeni daftari. Na tafadhali, fundi asianze kazi kwa ahadi. Aanze kwa fedha iliyokwisha kuingia.

Mweka hazina wetu anataka michango itumwe kwenye simu yake, halafu aipeleke benki. Kuna ubaya?
*Mjumbe, Ubungo*

Upo, hata kama mweka hazina wenu ni mwaminifu kuliko wote. Fedha ya maktaba ikishachanganyika na nauli na ada ya mtoto, kuitenganisha ni ugomvi. Akiugua au laini yake ikipotea, michango imekwama naye.

Kama maktaba iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania au halmashauri, fedha ipokelewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Iombeni mapema, na mseme wazi kwamba mnataka inayopokea kiasi chochote na isiyoisha muda kabla ya kufunga michango. Namba iliyotengenezwa kwa kiasi kimoja kamili itamkataa mama aliyekuja na 10,000 yake, na huenda asirudi tena. Kama ninyi ni chama kilichosajiliwa, fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu ambapo wawili lazima wasaini, pamoja na lipa namba yenye jina la chama. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya mtu kuingiza namba ya siri ndilo linalomtoa wasiwasi.

Fedha taslimu iandikiwe stakabadhi papo hapo, ihesabiwe na watu wawili, isainiwe, ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata. Msinunue hata maji kutoka kwenye kikapu cha michango.

Watu wengi wanasema wataleta vitabu badala ya fedha. Tuvipokee vyote?
*Mkutubi wa kujitolea, Mbagala*

Hapana. Na tangazo la kukataa litoke kabla ya sherehe, maana kumrudishia mtu boksi lake mlangoni kunaumiza pande zote mbili.

Andikeni mnachotaka: hadithi za Kiswahili za watoto, kamusi, vitabu vya kiada na ziada vinavyofuata mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, vitabu vya afya na ufundi. Andikeni pia msichotaka: vitabu vya mtaala uliopita, magazeti ya zamani, vitabu vya kompyuta vya miaka 20 nyuma, na chochote chenye ukungu. Hili la ukungu msilionee haya. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na kitabu kimoja chenye vumbi la kijani kikiingia rafuni kinaambukiza majirani zake. Boksi linalonuka lifunguliwe nje, kivulini.

Kumbukeni kwamba kitabu cha bure kina gharama. Lazima kiingizwe kwenye daftari la mapokezi, kigongwe mhuri, kipewe namba ya mada, kibandikwe lebo mgongoni, kivalishwe nailoni. Fasihi ya Kiswahili, kwa wanaotumia mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, inakaa 896.392; msiichanganye na vitabu vya lugha yenyewe, 496.392. Kila kitabu kikichukua dakika 15, vitabu 1,000 ni saa 250, yaani zaidi ya wiki sita za kazi ya mtu mmoja. Kwa hiyo anayeleta vitabu aombwe pia kuchangia nailoni na lebo. Wengi hukubali wakielezwa.

Rafu ya sentimita 90 huchukua vitabu 25 hadi 30 vya unene wa kawaida. Acheni robo wazi, la sivyo migongo itachanika watu wakivuta. Plaiwudi ya milimita 18 kwa urefu huo hupinda katikati baada ya muda; mwambieni fundi aweke nguzo ya kati au atumie ubao wa milimita 25. Rafu isigusane na ukuta: nafasi ya sentimita tano inatosha hewa kupita. Mabokosi yasilale sakafuni, yawekwe juu ya chaga za mbao, hasa wakati wa masika na vuli, na mkague mchwa kila wiki.

Tunaandaa matembezi ya hisani. Tunahitaji kibali?
*Kamati, Kigamboni*

Wapelekeeni polisi taarifa ya maandishi saa 48 au zaidi kabla ya siku yenyewe, mkitaja njia, muda na idadi ya watu. Msisubiri saa hizo 48. Pelekeni wiki mbili kabla ili kukiwa na mabadiliko ya njia muweze kuwajulisha watu. Kilomita tano zinatosha. Anzeni saa 12 asubuhi, kwa sababu ikifika saa 3 jua limeshakuwa kali kwa watoto na wazee.

Shikamooni. Klabu yetu ya usomaji inaandaa maonyesho ya picha kuhusu Maktaba Kuu ya Taifa. Wengine wanasema ilianza 1963, wengine 1967. Tushike lipi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kinondoni*

Marahaba. Miaka yote miwili ni ya kweli, ila ni ya vitu viwili. Sheria iliyoanzisha bodi ya huduma za maktaba ilipitishwa 1963, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya ya 1975. Jengo la Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru. Kwa hiyo jengo litatimiza miaka 60 tarehe 9 Desemba 2027, Alhamisi. Siku hiyo ni ya mapumziko na Desemba shule hufungwa, hivyo fanyeni maonyesho yenu wiki za kwanza za Novemba, ndani ya ukumbi kwa sababu ya mvua za vuli.

Picha halisi zisitundikwe. Zipigeni skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, mchape nakala, na halisi zirudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo zikiwa kwenye bahasha ya karatasi. Msitumie seloteepu kwenye picha halisi wala msizilaminishe. Gundi hugeuka njano na haitoki tena. Chini ya kila nakala andikeni mwaka, mahali, waliomo, na nani ametoa picha. Msipojua mwaka, mwulizeni mkutubi kabla ya kukisia, kwa maana mwaka mtakaouandika ukutani utanakiliwa na kila atakayepita na daftari.