Paka anayeogopa daktari

Dada, unasema paka wako akiona tu mfuko wa kumbebea anajificha chini ya kitanda, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa alimkwaruza motari (dereva wa pikipiki). Tatizo ni huo mfuko. Tafuta kikapu kigumu chenye kifuniko, ukiache wazi nyumbani wiki nzima, nguo anayolalia ikiwa ndani, na kila jioni umwekee humo sambaza kidogo, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu (hapa Goma sijaona paka anayeikataa). Aingie mwenyewe, usimsukume.

Siku ya kwenda, funika kikapu kwa kitenge. Kwa mawe ya barabara zetu, pikipiki itamrusharusha. Kama si mbali, tembea. Ukifika usikiweke chini karibu na mbwa, kipakate. Mwombe daktari afungue kifuniko tu, amchome sindano akiwa humohumo. Wengi wanakubali ukiwaambia mapema.

Hofu ikizidi, muulize daktari kuhusu gabapentini, dawa ya kumtuliza. Ni yeye anayepima kipimo, na hupewa masaa 2 hadi 3 kabla ya kufika. Usimpe dawa za watu kwa kukisia: parasetamoli inaua paka.