Fundi Nijibu: Dada wa steshenari anasubiri Office mpya

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nina steshenari ndogo huku Nyegezi, Mwanza, nataipu kazi za wanachuo na kuprinti. Nina desktopu mbili, zote Windows 7 na Office 2010, hizi programu za Word na Excel. Siku hizi mtu akija na flashi kazi yake ikifunguka kwangu inavurugika, kurasa zinaongezeka, maandishi ya kava yanashuka ukurasa wa pili, na lawama zote ni zangu eti mashine mbovu. Mdogo wangu kaniambia nisinunue kitu sasaivi, kuna Office mpya itakuja. Huu mwezi wa tano nasubiri. Itatoka lini, na nisubiri kweli?

JIBU: Dada yangu wa Nyegezi, salama tu. Tuanze na hilo la lini. Hizi Office za kulipia mara moja ukamaliza zina mwendo wake: 2016 ilitoka Septemba 2015, 2019 ikatoka Septemba 2018, 2021 ikaja Oktoba 2021, 2024 ikaja Oktoba 2024. Miaka mitatu mitatu, kwa hiyo ukihesabu kwa vidole inayofuata inaangukia 2027, ila hiyo ni hesabu yangu mimi sio tangazo la Microsoft.

Sasa kuna kitu mdogo wako hajakwambia. Hiyo Office hata ikitoka kesho asubuhi haiingii kwenye mashine zako. Hii ya 2024 tu inataka Windows 10 au 11, na wewe uko Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, Office 2010 nayo ikafuata Oktoba mwaka huohuo. Yaani umekaa miezi mitano unamsubiri mgeni na kwenye mlango wako hatoshi kupita.

Na hata huo ugonjwa wa kurasa kuongezeka wala sio uzee wa mashine peke yake. Nilishakaa steshenari moja nikaangalia inavyotokea, kijana kaleta ripoti ya fildi, kwake kurasa 42, ikafunguliwa pale ikawa 45, akaanza kufoka. Tukabonyeza kichwa cha habari kuangalia fonti, tukakuta Aptos. Hiyo ndo fonti inayokuja yenyewe kwenye Word za sasa, ilichukua nafasi ya Calibri. Chuo kinataka Times New Roman, kijana kabadilisha aya tu, vichwa na majedwali kaviacha vilevile. Mashine ya steshenari haina Aptos, kwa hiyo inatafuta fonti nyingine inayofanana fanana, herufi zake zina upana tofauti, mstari uliokuwa unatosha unamwaga neno moja chini, ukizidisha na majedwali 20 ndo hizo kurasa tatu.

Dawa yake haisubiri 2027. Bandika karatasi mlangoni: KAZI YA KUPRINTI TU LETA PDF. PDF haihami. Anayetaka umrekebishie ndo alete Word, na mwambie kabla hajatoka kwake achague maandishi yote ayape fonti moja, vichwa na majedwali humohumo.

Alafu hela uliyokuwa unaitunzia Office usiipeleke kwenye Office, ipeleke kwenye mashine. Ukienda kununua desktopu ya mtumba usiulize "ina Office gani", hilo swali wauzaji wanalipenda sana kwa sababu anakuwekea ya kuchakachua dakika kumi umefurahi umeondoka, na virusi umebeba humohumo. Uliza prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kama ni Intel tafuta kizazi cha 8 kwenda juu, ndo inakubalika Windows 11, maana Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Moja nzuri inatosha kuanzia, zile za zamani ziache ziprinti PDF, ila usiziunge intaneti.

Ukishapata mashine weka LibreOffice, programu ya kutaipu na mahesabu kama Office, ni bure kabisa na leseni yake ni halali, kudaunlodi ni bando la MB mia tatu na kitu. Hii ni ya ukoo uleule wa OpenOffice, ile iliyowahi kutoka kwa Kiswahili 2004 ikiitwa Jambo OpenOffice, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Toleo jipya linatoka kila miezi sita, karibu na Februari na Agosti, ila usilikimbilie siku ya kwanza, subiri marekebisho mawili matatu yatoke. Huko kusubiri ndo kwenye akili.

Daraja la Kigongo–Busisi lilijengwa miaka, limefunguliwa Juni 2025. Wakati linajengwa, wenye mizigo ya Sengerema na Geita si walikuwa wanapanda kivuko dada? Na wewe vuka na kilichopo, usikae kusubiri Office.

SWALI: Kijana wangu, nafanya biashara ya dagaa hapa mwaloni Kirumba. Binti yangu yuko Dar ananitumia faili la Excel la mahesabu, likifunguka liko sawa ila nikibadilisha bei tu panaandika #NAME?. Nina Office 2016, Windows 10. Ndo ninunue mpya?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usinunue kwanza. Binti atakuwa ametumia XLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye jedwali, ambayo Office yako haiijui, ilianza kuja na 2021 kwa hizi za kununua. Ukifungua unaona majibu yaliyohesabiwa kule Dar, ukigusa bei mashine yako inajaribu kuhesabu upya ndo inakwama. Mwambie aandike kwa VLOOKUP, ni ya zamani na kila Excel inaielewa. Kama hataki, LibreOffice kuanzia 24.8 inaisoma hiyo XLOOKUP, iweke pembeni ya Office yako, hazigombani. Ila faili la binti likopi kwanza kabla hujaanza kuligusa, na kopi moja ikae kwenye flashi, sio kwenye desktopu hiyohiyo.