Chumba cha ufukweni: ulizia upepo kabla ya mandhari

Watu wengi wakitafuta nyumba ya wageni ya pwani kwa likizo ya kiangazi, zile ndogo za kulala na kupata kifungua kinywa, swali la kwanza huwa: chumba kinatazama bahari? Wenye nyumba wanalijua hilo, ndiyo maana vyumba vya mbele bei yake huwa imechangamka. Mimi siku hizi naanza na madirisha: yako mangapi, na yako upande gani?

Mchana, nchi kavu hushika joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi inapata moto na kupanda, na hewa ya baharini iliyo baridi zaidi inaingia kushika nafasi yake. Huo ndio upepo mnaoufurahia alasiri pale kibarazani. Jua likizama, ardhi hupoa upesi huku bahari ikibaki na joto lake, na upepo unageuka: usiku huvuma kutoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo chumba chenye dirisha moja tu linalotazama maji, usiku wa manane hewa imesimama, shuka limekuganda mgongoni, na feni inazungusha joto lilelile. Chumba cha pembeni chenye madirisha mawili yanayokabiliana, moja la baharini na moja la uani, hupitisha hewa saa zote, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Mandhari utaipata kibarazani na kikombe chako cha chai. Usingizi ndio wa kuutafutia chumba.

Ukishaambiwa dirisha lipo, uliza tena: linafunguka? Chumvi ya hewani hula bawaba. Nimewahi kupewa chumba chenye dirisha zuri kama la kwenye picha, kumbe limepigiliwa misumari kwa sababu bawaba zimeisha kwa kutu.

Jambo la pili ni maji kupwa na kujaa. Picha za matangazo karibu zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Katika fukwe nyingi, kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa 6, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukifika siku ambayo maji yanajaa saa mbili asubuhi, usijipangie kuogelea saa hiyo wiki nzima. Baada ya siku saba hivi, saa ile ile utakuta maji yamepwa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwenye ufukwe tambarare unaweza kutembea juu ya matope na mawe muda mrefu kabla ya kulowa magoti. Si bahari zote zilivyo hivyo: sehemu kubwa ya Mediterania tofauti yake ni ndogo mno, ilhali Ghuba ya Fundy huko Kanada inaweza kupita mita 15. Basi kabla ya kulipa, mwulize mwenye nyumba kuhusu tarehe zako hasa. Aliyezoea wageni wa kuogelea atakujibu bila kusita. Akikwambia tu kwamba bahari ipo karibu, chukua simu utafute jedwali la maji la eneo hilo mwenyewe.

Hapohapo mwulize watoto wa hapo wanaogelea wapi, na wapi hawaruhusiwi. Kuna sehemu zenye mkondo unaovuta mtu kwenda kilindini, na mwenyeji anazijua. Ukivutwa, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeukie nchi kavu.

Kifungua kinywa ndiyo raha ya nyumba hizi, na pia ndicho kinachoweza kukuharibia ratiba. Jikoni mara nyingi yumo mtu mmoja, naye anapika kwa saa alizojipangia. Jua huwaka vikali kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na upepo wa baharini hukudanganya kwa sababu hukufanya usihisi ngozi ikiungua. Anayekaa mezani hadi saa nne anakwenda kuogelea saa mbaya kuliko zote. Mwambie mwenyeji usiku uliotangulia kwamba utataka chai mapema, au akuwekee matunda na mkate ule ukirudi. Nisichokubaliana nacho ni mgeni kuibuka saa tano akidai mayai ya moto.

Nguo nazo. Usianike nguo ya kuogelea kabla ya kuisuuza kwa maji baridi ya bomba. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kitambaa chenye chumvi kinaonekana kikavu mchana, halafu jioni ukikishika kina majimaji tena, na chumba kizima kinanuka uvundo. Ulizia kamba ya kuanikia na bomba la nje. Nyumba yenye bomba la nje mchanga haujazani kitandani, na mwenye nyumba atakupenda bure.

Kuhusu malipo sina mengi. Ukishaiona nyumba mtandaoni, wapigie wenyewe. Tovuti nyingi za kuhifadhi vyumba hukata kamisheni, na kwa anayekaa siku kadhaa kunakuwa na nafasi ya kuzungumza bei. Masharti ya kughairi yadai kwa maandishi. Uliza pia kama bafu ni la kushirikiana, na mlango mkubwa unafungwa saa ngapi.

Siku ya kuondoka, chumba kwa kawaida hudaiwa asubuhi wakati basi au treni yako ni ya jioni. Omba tangu jana yake uache mizigo ukumbini na utumie bafu la nje baada ya kuogelea mara ya mwisho. Wengi hukubali wakijulishwa mapema. Nguo mbichi zifunge kwenye mfuko wake peke yake, na ukifika tu uzitoe.